Vizibo Vilivyopakwa Rangi ya Kijani

Kizibo cha mti hakipakwi rangi. Naanza na jambo hilo kwa sababu huenda wewe unayesoma hujawahi kusimama ndani ya meli inayoingia maji, na ukikosa kulielewa hili, yote yanayofuata yataonekana kama ugomvi wa watu wawili wasiopendana. Kwa hiyo nitaeleza polepole, kama nilivyokuwa nikiwaeleza mabaharia wangu pale Kindu, enzi za Zaire, nilipokuwa msaidizi wa kapiteni kwenye meli iliyoshuka mto Lualaba hadi Ubundu na kupanda tena.

Meli ya mto ni sanduku la chuma. Chini ya sakafu wanapolala abiria na mbuzi wao, sanduku hilo limegawanywa vyumba kwa kuta za chuma, na kila ukuta una mlango. Meli ikigonga jiwe, maji huingia kwenye chumba kimoja. Mlango ukifungwa, chumba hicho kitajaa na meli itaendelea kuelea, imeinama kidogo, lakini inaelea. Mlango ukiachwa wazi, maji yanahamia chumba cha pili, kisha cha tatu, na hapo hakuna tena la kufanya ila kuangalia nani anajua kuogelea.

Halafu kuna tundu lenyewe. Kwa matundu madogo tulikuwa na vizibo, vipande vya mti laini, ule unaoota haraka kwenye mashamba yaliyoachwa, vimechongwa kama karoti. Unaingiza ncha kwenye tundu, unapiga kwa nyundo, kisha unayaachia maji yafanye kazi. Mti mkavu unakunywa maji, unavimba, unakaza. Maji yaleyale yaliyotaka kukuzamisha ndiyo yanayokushikia kizibo. Kwa ufa mrefu unachukua godoro, unaligandamiza kwenye ufa kwa ubao, na ubao unausukuma kwa mhimili uliokazwa kwenye ukuta wa pili. Basi. Hakuna siri nyingine. Mtu yeyote mwenye mikono miwili anajifunza kwa mchana mmoja, na nimewafundisha watu waliokuja kutoka mashamba ya Pangi bila kuwahi kuona meli, wakaweza. Lakini ni lazima ajifunze akiwa amelowa, maji yakimpiga usoni na mwenzake akipiga kelele, kwa sababu siku ya hatari kichwa kinatoweka na mikono inafanya ilichozoea.

Kumbuka hilo la mikono. Ndilo lililotaka kutuua.

Aliyelielewa mapema kuliko wote alikuwa fundi wetu wa mashine. Alikuwa mtu wa Kasai, mtoto wa familia ya reli, mwimbaji wa kwaya kanisani. Alikuwa ametengeneza injini za treni kabla hazijaanza kukosa vipuri na kulala kwenye majani, ndipo akaja kwetu mtoni. Alifahamu injini vizuri. Kuogelea hakufahamu hata kidogo, na chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya usawa wa maji. Alikuwa akiniita yaya, kama mtu anavyomwita ndugu yake mkubwa, ingawa nilimzidi umri kidogo sana.

Siku moja, tumefunga bandarini, alinionyesha bamba la chuma lililokuwa karibu na bega lake alipokaa.

"Yaya, mto uko hapa," alisema, akiligonga kwa spana. "Mimi niko hapa. Katikati iko hii chuma tu, na hii chuma ni muzee kuliko baba yangu."

"Nitawafundisha," nikamwambia. "Kabla maji ya mto hayajashuka."

"Utafundisha kwa mdomo ao kwa maji?"

"Kwa maji."

"Njo hiyo nataka. Mdomo nimeshasikia kanisani."

Nikaenda kuomba mchana mmoja. Mchana mmoja tu, meli ikiwa imefungwa, mabaharia wote, na ruhusa ya kutumia tishari bovu lililokuwa limelala kwenye matope chini ya gati. Tishari ni ile meli isiyo na injini, inayosukumwa. Nilitaka tulitoboe na tulizibe. Ruhusa ilikuwa mikononi mwa mkubwa wa bandari.

Nifanyeje kumweleza mtu huyu bila kumtendea haki zaidi ya anavyostahili? Hakuwa mkatili. Angekuwa mkatili ningemheshimu kidogo. Alikuwa mtu aliyepanda cheo kwa kupiga makofi. Alianzia kwenye animasyo, zile ngoma za kukisifu Chama zilizochezwa kila asubuhi mbele ya bendera, na mikono yake ilipiga makofi kwa bidii mpaka ikamfikisha kwenye ofisi yenye feni. Alikuwa na abakosti tatu, zile suti za Chama zisizovaliwa na tai, zote za rangi ya majivu, na sauti nzuri, sitamnyima sauti. Lakini aliongoza bandari ya mto kwa miaka bila kulowa kiatu. Meli ikija alisimama nyuma kabisa ya gati, pale ambapo mawimbi hayawezi kumrushia tone. Nilimsikia mara moja akimuuliza kapiteni kwa nini tusisafiri moja kwa moja badala ya kuzungukazunguka mtoni kama walevi. Mtu huyo alikuwa na amri juu ya watu wote waliofahamu kwamba mto una mawe.

Alinisikiliza akiwa ameegemeza kichwa nyuma. Nilipomaliza, macho yake yaling'aa, nami mjinga nikafurahi.

"Sitwayeni," alisema, maana siku zile sote tulikuwa wananchi na hakuna aliyekuwa bwana, "ni wazo nzuri sana. Komisari wa mkoa anakuja kutoka Bukavu. Tutamuonyesha."

"Tutamuonyesha nini, mukubwa?"

"Hiyo mafunzo yako. Kuokoa meli. Lakini tutaiweka vizuri."

Akaiweka vizuri. Nitaeleza alivyoiweka, kwa sababu kila alichopamba kilirudi kututafuta baadaye.

Kwanza alisema haifai komisari ashuke chini kwenye joto na harufu ya mafuta. Kwa hiyo wokovu wa meli ungefanyika juu, sitahani, mahali pa kuonekana. Kengele ya hatari ikilia, kila mtu aliye chini ataacha kazi yake, atapanda ngazi mbio, na wote watasimama mistari miwili, warefu nyuma, wafupi mbele. Pili, milango ya chini itakuwa wazi, ili mgeni akichungulia aone usafi. Tatu, kila baharia atashika kizibo kimoja, na kwa ishara ya mkubwa wa bandari atakiinua juu, huku wanawake wa animasyo wakiimba gatini. Na kwa kuwa mti mtupu unaonekana wa kimaskini, vizibo vyote vitapakwa rangi ya kijani ya Chama, na ncha njano, kisha vitapigwa vanishi ving'ae.

Nilikwenda kumweleza. Nilieleza kwa upole, kama ninavyokueleza wewe.

"Mukubwa, kizibo kikipakwa rangi hakinywi maji tena."

"Sitwayeni, hapa nani anakunywa maji? Komisari atakunywa bia."

Wote waliokuwa ofisini wakacheka. Katibu wake alicheka mpaka akafuta machozi, na huyo alikuwa na shemeji anayesafiri na meli yetu kila mwezi.

"Na mlango, mukubwa. Mlango ukiwa wazi..."

"Weye unapenda sana kufunga. Unaficha nini kule chini?"

Siku zile swali la namna hiyo halikuwa mzaha hata lilipotolewa kwa kicheko. Nikatoka. Nilikuwa na watoto.

Wakaanza mazoezi. Kila asubuhi tulipokuwa Kindu, baada ya bendera, kengele ililia, watu wakapanda mbio, wakasimama, wakainua. Kengele, mbio, mistari, inua. Mkubwa wa bandari alisimama gatini na filimbi mdomoni, na nikisema ukweli, sijawahi kumwona akifanya kazi kwa bidii kama ile. Alimrudisha chini baharia mmoja mara nyingi kwa sababu alipanda ngazi akitazama miguu. Alimtazama fundi wetu wa mashine kutoka juu hadi chini, akaagiza ovaroli mpya, akampanga mwisho wa mstari wa nyuma.

"Wewe Mukasai! Kengele inalia, bado uko chini unafanya nini?"

"Nazima mashine, mukubwa. Na nafunga mulango."

"Wacha mashine! Wacha mulango! Kengele inalia, unapanda! Unataka komisari akungoje?"

Fundi akapanda. Kesho yake akapanda haraka zaidi. Mwisho alikuwa akipanda wa kwanza, na mkubwa wa bandari akamtaja kama mfano kwa wengine. Sikuwahi kuona watu wazima wakifundishwa kuzama kwa nidhamu kubwa namna ile. Waliweza kuacha meli peke yake, na milango yake yote wazi, kwa muda wa mtu kukohoa.

Komisari alikuja. Alifika amechelewa, akasimama chini ya mwamvuli, akatazama mistari miwili na vizibo vilivyoinuliwa, akapiga makofi mara chache, akauliza kama wali umeiva. Hakuchungulia chini. Hakuna aliyemwambia lile lilikuwa tendo gani. Nadhani alidhani ni ngoma ya wavuvi. Walikwenda kula wali wa Maniema na samaki, na sisi tukaagizwa kurudisha vizibo sandukuni bila kuvikwaruza, kwa ajili ya sikukuu nyingine.

Wiki hiyo nilirudi ofisini. Maji yalikuwa yanashuka. Mawe karibu na ukingo wa pili yalikuwa yameanza kuonyesha migongo. Niliomba tena mchana wangu mmoja, na ruhusa ya kuchonga vizibo vingine vya mti mtupu.

"Lakini mumeshafundishwa," alisema, na nilimtazama usoni nikaona hadanganyi. Aliamini. "Nimeona kwa macho yangu. Komisari ameona."

Fundi alikuwa akiningoja nje, ameketi juu ya reli za treni zinazoingia bandarini.

"Amesema nini?"

"Amesema tunajua."

"Tunajua nini?"

"Kusimama mustari."

Hakucheka. "Yaya, unikumbuke mimi. Nyinyi wote mutaogelea. Mimi nitaenda chini na mashine yangu, kama kifuniko ya chungu imeanguka mutoni."

Nilimwonyesha kwa mikono, palepale kando ya reli, jinsi ya kufunga mlango maji yakisukuma, wapi aweke bega, wapi aweke mguu. Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa chakula kwenye picha. Tukapakia mpunga, samaki wakavu na abiria, tukaondoka.

Tuligonga asubuhi, jua limeshapanda, mtu akiwa na uji mkononi. Mbele ya meli wapima maji wawili walikuwa wakichomeka miti yao mirefu mtoni na kutaja kina kwa sauti, na walikuwa bado wanataja kina kizuri. Jiwe halikuwa mbele. Lilikuwa pembeni, chini, mahali ambapo mwaka uliotangulia palikuwa na maji ya kutosha. Meli ilitoa sauti kama mlango mkubwa unaoburutwa juu ya saruji, ikainama, ikajinyoosha. Kapiteni akavuta kengele.

Na sasa nakuomba usiwacheke watu wangu. Kengele ilipolia, mabaharia wote waliokuwa chini waliacha walichokuwa wakifanya, wakapanda ngazi mbio, wakasimama mistari miwili sitahani. Warefu nyuma. Wafupi mbele. Wawili kati yao, mikono mitupu, waliinua mkono wa kulia. Na mwisho wa mstari wa nyuma, akihema, alisimama fundi wa mashine.

Walikuwa wanangoja filimbi. Abiria waliwatazama. Mwanamke mmoja mfanyabiashara, mnene, aliyekuwa amekalia magunia yake ya mpunga, alisimama akapiga makofi ya hasira.

"Sasa nyie munapanga mustari kwa nani? Komisari iko wapi? Iko ndani ya maji?"

Kelele hiyo ndiyo iliyowaamsha. Nilimwona fundi akitazama miguu yake, kisha ngazi, kisha mimi, na uso wake ukabadilika kama uso wa mtu aliyeamka kitandani kwa mwingine. Alikuwa ameacha mlango wazi. Alikuwa ameacha kila kitu wazi.

"Mlango!" nikapiga kelele.

Alitangulia yeye. Mtu asiyejua kuogelea alishuka ngazi mbele yangu kuingia kwenye maji, na kama kuna kitu kizuri nilichokiona katika utumishi wangu wote mtoni ni mgongo wa ovaroli ile ukishuka. Maji yalikuwa yamefika magotini ndani ya chumba cha mashine na yalikuwa yakivuka kizingiti kwenda kwenye chumba cha mizigo. Tuliweka mabega. Mlango ulikataa, ukasogea, ukakataa. Alikuwa ameweka mguu mahali nilipomwonyesha kando ya reli, na kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo. Ulipofungika, chumba cha mizigo kikapona. Lakini sisi na injini na maji tulibaki upande mmoja, na injini ikizama, meli ingekuwa jani tu, inapelekwa na mto kwenye mawe mengine.

Bamba karibu na kiti chake lilikuwa limepasuka ufa wa urefu wa mkono, na juu ya ufa misumari ya chuma iliyoshikilia bamba ilikuwa imeng'oka, ikaacha matundu ambayo kila moja lilitoa mshipa wa maji. Nilifungua sanduku la vizibo. Ndani vilikuwa vimelala, vinang'aa, vya kijani na ncha za njano, kama peremende za harusi.

Nilipiga cha kwanza. Kiliingia, nikakiachia, kikaruka kikanigonga kifuani. Cha pili vilevile. Vilichomoka kama kokwa la embe kwenye vidole vilivyolowa. Vanishi, rangi, mafuta na maji: hakuna kitu kilichoshika kitu. Nilikuwa nimesema hivyo ofisini, na niliposema nilikuwa sahihi, na usahihi wangu haukuzuia hata tone.

"Kwangua!" nikamwambia.

Alichukua panga, akakaa juu ya injini yake miguu imekunjwa, akaanza kukwangua. Magamba ya kijani yakaelea pande zote. Maji yalikuwa yamenifika mapajani, meno yake yalikuwa yanagongana, na ndipo aliposema, bila kuinua macho:

"Yaya, ukiulizwa, hukuniona. Niko nakwangua Chama."

Tulicheka. Mle ndani, tukiwa karibu kufa, tulicheka kama watoto kanisani, na kucheka kuliturudishia vichwa. Alikwangua, mimi nikazungushia kitambaa, nikapiga. Vya namna hiyo vilishika. Havikushika vizuri, lakini vilishika. Juu nilisikia kapiteni akigawa kazi sasa, kwa sauti tulivu, na watu wale wale wa mistari miwili walikuwa wakifanya kila walichoambiwa. Nilikuomba usiwacheke kwa sababu hiyo. Godoro la kapiteni lilishuka kwa ngazi. Ubao ukafuata. Mpima maji mmoja aliukata mti wake mrefu kwa shoka bila kuuliza utalipwa na nani, akatutupia kipande, na tukaukaza ubao juu ya ufa, fundi amegandamiza kwa mgongo, mimi napiga kabari. Yule mwanamke wa magunia ya mpunga alikuwa amewapanga abiria safu ya ndoo kutoka ngazini mpaka ukingoni, na alikuwa akiwatukana vizuri.

Injini haikuzima. Kapiteni alitafuta kisiwa cha mchanga, akaipandisha meli juu yake kwa mwendo mdogo, na tulipokaa juu ya mchanga ule sikusikia sauti nyingine yoyote isipokuwa mbuzi. Hakuna aliyekufa.

Abiria walishuka, wakawasha moto, wakapika. Fundi alikaa peke yake juu ya mchanga, mikono imewekwa magotini kama si mali yake. Nikamletea chai.

"Nilipanda," alisema. "Kengele ililia, nikapanda. Mimi! Ninayeogopa maji kuliko wote! Sikuwaza hata kidogo."

"Wote walipanda."

"Narudi kwenye reli. Treni ikiharibika, unashuka, unakaa kwenye majani, unakula muhogo. Hakuna muntu anazama ndani ya treni."

"Baki," nikamwambia.

"Kwa nini nibaki? Unipatie sababu. Ile kitu uliniambia, ya maji, unifundishe. Kama hapana, ile siku ingine nitapanda tena. Najua nitapanda. Miguu yangu imeshajifunza ubaya."

Nilimwahidi. Sikuwa na njia ya kutimiza, lakini nilimwahidi.

Kesho yake mkubwa wa bandari alifika kwa mashua ya injini, na mpiga picha. Alisimama kwenye mchanga mkavu, mbali na maji, akatoa hotuba. Alisema meli imeokolewa na mafunzo. Alisema nidhamu iliyofundishwa bandarini, chini ya uongozi wa Chama, ndiyo iliyowafanya wafanyakazi waitikie kengele kwa umoja. Kuhusu umoja alisema kweli. Kisha akataka picha ya fundi akiwa ameshika kizibo, na sanduku likaletwa.

Alichungulia ndani. Aligeuza kimoja, kingine. Vilikuwa vimekwanguliwa hadi kwenye nyama ya mti, vimepasuka vichwa kwa nyundo, vingine havikuwamo kwa sababu vilikuwa ubavuni mwa meli vikizuia mto. Akainua uso, na nikaona kwamba kwa mara ya kwanza tangu afike, amehuzunika.

"Nani ameharibu vizibo?"

Nimekutana na wezi waliokuwa na aibu zaidi, na walevi wenye akili zaidi. Lakini sijawahi kukutana tena na mtu aliyeweza kusimama mbele ya watu waliopona, mbele ya wanawake na watoto wanaokula wali mchangani, akasikitikia rangi. Yule mfanyabiashara alitema mate pembeni, akafunika chungu chake. Mpiga picha akapiga picha ya meli kutoka upande usio na tundu.

Tulipovutwa mpaka Kindu nilimwendea mara ya mwisho. Alinikaribisha vizuri, akaniambia amefikiri sana, na kwamba katika onyesho lijalo wataongeza godoro.

Nilitoka. Palepale mlangoni kulikuwa na tangazo la salongo. Wasiozikumbuka siku zile nawaeleza: Jumamosi watu wote walitakiwa kufanya kazi ya bure kwa ajili ya nchi, kukata majani, kufagia, kuzibua mitaro, na hakuna mkubwa aliyethubutu kuizuia salongo, maana ilikuwa amri ya juu kuliko yeye. Nilisoma tangazo lile nikiwa nimesimama juani, na nikajiona mpumbavu kwa kuwa nilikuwa nimeomba ruhusa muda wote huo.

Jumamosi niliwapeleka mabaharia wangu wote kwenye salongo ya kusafisha tishari bovu, na mfuko wa vizibo vipya vya mti mtupu nilivyovichonga usiku. Tulilivuta kutoka kwenye matope hadi likaelea. Nilishuka ndani na patasi ya chuma na nyundo kubwa, na kwa kuwa kutu ilikuwa imeshafanya nusu ya kazi, nikalitoboa ubavuni, chini ya maji. Mto uliingia ukiwa mnene kama mkono wa mtoto. Waliokuwa ndani walipiga yowe, na wawili, nawasamehe, walikimbilia ngazi.

Mkubwa wa bandari alipita gatini na mwamvuli. Alitazama chini, akaona vichwa vya watu walioloa na matope. Aliuliza kwa nini hakuna bendera. Baharia mmoja akamjibu kwamba imelowa, na akaendelea na safari yake, ameridhika.

Fundi alikuja amechelewa, na mfuko wake wa safari begani. Treni ilikuwa inategemewa jioni hiyo, kama treni zilivyokuwa zikitegemewa wakati ule. Alisema amekuja kuangalia tu. Aliangalia. Aliweka mfuko juu ya boriti, akavua viatu, akashuka.

Mara ya kwanza kizibo kilimponyoka na maji yakampiga mdomoni, wenzake wakamzomea, "Mukasai, ni tundu, si sahani ya fufu, usipeleke mdomo!" Mara ya pili alikiingiza upande mnene mbele. Nilimwambia asihangaike, aweke ncha kwanza, asishindane na maji katikati, aje kwa pembeni, polepole, hivyo, hivyo, vizuri. Maji yalikuwa yamemfika kifuani. Hakutazama ngazi. Alipiga nyundo, akapiga tena, na mshipa ule mnene ukawa uzi, na uzi ukawa jasho linalotiririka kwenye bamba. Mti ukaanza kunywa.

Aliweka kiganja juu ya kizibo, akakaa hivyo kwa muda mrefu, akisikiliza kama anavyosikiliza injini. Kisha akanirudishia nyundo.

"Toboa pengine," alisema. "Na safari hii usiniambie wapi."